Kitambaa cha Njano Nilichomrushia Atieno

Nakumbuka Ijumaa moja ya Desemba hapa Doha, mwanangu, ambayo wote waliokuwepo wameshaisahau isipokuwa mimi na mwanamke mmoja anayeitwa Atieno.

Keti, Mwende. Chai ipo kwenye chupa na basi la zamu haliji mpaka saa tisa. Juzi umepewa usimamizi wa walinzi wa jengo tunalofanyia kazi, wasichana kumi na wanne wako chini yako, nami nikiwa mmoja wao ingawa usichana wangu uliisha zamani. Kuanzia kesho utakuwa unaandika ripoti za watu. Nimeona afadhali nikusimulie aibu yangu kabla hujashika kalamu. Aibu za wengine ni rahisi kusimulia, na mimi ninazo nyingi, lakini hizo tutaziacha kwa siku ya umbea.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, mwaka wangu wa pili hapa. Tulikuwa tunalala sita chumba kimoja. Atieno alikuja kutoka Kisumu miezi minane baada yangu, akapewa kitanda cha juu yangu. Mimi ndiye niliyempokea. Nilimfundisha kupiga pasi yunifomu ikasimama, nikamwonyesha msimamizi gani anataka kuitikiwa haraka na yupi anataka kuachwa peke yake, nikamfundisha kumwambia dereva "mamnua", yaani marufuku, anapotaka kuegesha gari pasiporuhusiwa. Aliniita dada, nami nikapenda kuitwa dada.

Basi tukapangwa jengo moja kule mtaa wa matajiri, Pearl. Mimi nikapewa mlango wa chumba cha mazoezi, orofa ya chini, ambako watu hupita na vitu masikioni wasikuone. Yeye akapewa meza ya mapokezi, na kiti, na kibao cha jina kifuani. Baada ya mwezi mmoja wakazi wote walimjua. Habari za asubuhi, Atieno. Asante, Atieno. Mwanangu, nilimwonea wivu, na sitalipamba neno hilo. Niliuonea wivu mwendo wake, kicheko chake, na jinsi alivyopata usingizi mara tu akigusa mto. Hata mchuzi wake wa samaki ulinikera kwa kuwa mtamu. Wahenga walisema hasidi hana sababu, na kweli mimi sikuwa nayo.

Katika chumba kile cha mazoezi kulikuwa na televisheni kubwa. Kila Jumatatu asubuhi Mmarekani mmoja mnene alipanda baiskeli isiyokwenda popote, akatazama marudio ya mpira wa kwao, ule wa umbo la yai, unaochezwa na watu wa kulipwa waliovaa kofia ngumu. Kwa kuwa hakuwa na mwenzake wa kutazama naye, alinieleza mimi. Timu ina majaribio manne ya kusogea yadi kumi. Refa akiona kosa, anachomoa kitambaa cha njano mfukoni na kukirusha chini, na kila mtu anajua pameharibika. Nikapenda mchezo ule. Nikajua sheria zake kuliko hata baadhi ya Wamarekani wa jengo lile, na sijisifu, walikuwa wakiniuliza.

Lakini yule bwana hakuwa na raha na marefa. "Tazama!" alikuwa akipiga kelele huku anakanyaga. "Kipindi cha kwanza alimshika jezi hivi hivi, wakanyamaza. Sasa kamshika vilevile, wametoa kitambaa! Ni sheria hii au ni hamu ya mtu?" Aliniambia kuwa wale ni watu wa kulipwa, wana picha za kurudia, wana wenzao wa kuwasaidia, na bado kosa la leo si kosa la kesho. Nilimwitikia. Hata hivyo nilichojifunza mimi ni kitu kingine. Niliona kwamba yeye hupiga kelele na matokeo hubaki palepale, na refa hurudi kazini wiki inayofuata.

Wakati huo wanawake wa kigeni, walimu na wauguzi, walikuwa na ligi yao ndogo ya mchezo huo, Ijumaa asubuhi kwenye uwanja wa shule. Hawakuangushana. Kila mmoja alifunga mkanda wenye tepe mbili zinazoning'inia kiunoni, na ukimchomoa mkimbiaji utepe mmoja, amesimamishwa. Sheria moja tu ilikuwa na utata: anayekimbia asifunike utepe wake kwa mkono. Sasa mtu anayekimbia mikono yake huipeleka wapi? Huizungusha. Kwa hiyo hapo kosa lilikaa machoni pa refa tu.

Mwalimu mmoja aliyekaa jengo letu, tuliyemwita Kochi, alimwona Atieno akilifukuza basi la kampuni na kulipata. Siku hiyohiyo akamwalika kwenye timu yake. Atieno akaniambia, "Dada, twende wote. Mimi siwezi enda peke yangu kwa hao wazungu, watanimaliza na kizungu."

Nikaenda. Nilijaribu kukimbia, magoti yakanikumbusha kwamba kazi yao ni kusimama kwa saa kumi na mbili. Kochi alipogundua kuwa najua sheria, alinipa fulana ya mistari myeusi na myeupe, na kitambaa cha njano. Nilifurahi wiki moja nzima. Kisha nikagundua kuwa uwanjani wanaita Atieno, Atieno, na kwamba refa haitwi jina lake ila pamoja na tusi.

Wiki moja kabla ya hiyo Ijumaa ninayokusimulia, Kochi alituambia kuwa shule ile inatafuta msaidizi wa michezo ya wasichana. Mkuu wa shule angekuja mwenyewe kumtazama Atieno. Jioni yake Atieno aliinamisha kichwa kutoka kitanda cha juu, macho yanang'aa.

"Dada, wakinichukua, hiyo story ya kusimama masaa kumi na mbili imeisha. Na nikishaingia, nitakuulizia na wewe."

Nikasema inshallah. Mwanangu, hilo la kuniulizia ndilo lililonichoma kuliko yote. Mimi niliyemfundisha kushika pasi, leo aniombee kazi! Sikulala vizuri, na nilijiambia ni joto, ingawa ilikuwa Desemba.

Ijumaa ikafika. Mkuu wa shule, mama mmoja mrefu mwenye daftari, alikaa pembeni na watazamaji. Atieno aliposhika mpira mara ya kwanza akapita watu watatu. Nikarusha kitambaa. "Amefunika utepe," nikasema, timu ikarudishwa nyuma. Mara ya pili, vilevile. Upande wa pili kulikuwa na muuguzi mmoja aliyeuziba utepe wake kwa kiganja kizima, mara mbili, mbele ya macho yangu. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Niliangalia saa yangu.

Mchezo ukiwa unakaribia kwisha, Atieno akaupokea mpira kwao kabisa, akakimbia uwanja mzima. Sijamwona mtu akikimbia vile tena. Watoto walisimama, yule mkuu wa shule alisimama, hata wachezaji wa upande wa pili waliacha kumfukuza wakawa wanatazama. Alipovuka mstari wa mwisho, kitambaa changu kilikuwa kimelala kwenye nyasi.

Alama ikafutwa. Atieno akanijia mbio.

"Ref, kwani nimefanya nini? Nionyeshe mkono ulikuwa wapi!"

"Umefunika utepe."

"Dada!"

"Uwanjani mimi si dada yako."

Alinitazama. Kisha akafungua mkanda wake, akautupa miguuni pangu, akatoka uwanjani. Sheria inasema anayetoka kwa hasira ameshajiondoa mchezoni, na sheria hiyo pia niliijua, nikaitekeleza. Mkuu wa shule alimuuliza Kochi kama yule msichana huwa hivyo siku zote. Alifunga daftari lake akaondoka kabla ya filimbi ya mwisho.

Yule bwana wa baiskeli alikuwepo, mke wake alikuwa akicheza. Alinipiga bega. "Usijali," akaniambia, "hata wale wa kulipwa hukosea." Nililishika neno hilo kwa mikono miwili. Nililirudia moyoni mpaka nikaanza kuliamini.

Palikuwa na mama wa Kipemba, Bi Rukia, aliyelea watoto wa mmoja wa wale wauguzi. Kila Ijumaa alitandika mkeka wake pembeni, akawagawia watoto maji na tende. Aliniita nimsaidie kukunja mkeka. Nikashika ncha moja, naye ncha nyingine.

"Mie mchezo huu siujui," akasema, "wala sina haja ya kuujua. Lakini leo nimekutazama mkono wako. Kwa wale wengine, mtu alikimbia, akafanya alilolifanya, ndipo mkono wako ukenda mfukoni. Kwa yule msichana wenu, mkono ulikwishaingia mfukoni naye hata mpira hajaupokea."

Nikahisi uso unawaka. "Bi Rukia, hata marefa wa kulipwa hukosea."

"Hukosea, kwa nini wasikosee? Asiyeona vyema hukosea huku na huku. Wewe umekosea kwa mtu mmoja, mara tatu, na kila mara umemuumiza yeye. Hayo si macho, mwanangu, hiyo ni husuda. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Na yule wala si mnyonge, ndilo linalokukera." Akauchukua mkeka wake wote. "Nenda kaseme, yule mama wa daftari bado yumo mjini."

Laiti ningekwenda. Sikwenda, mwanangu. Nilijiambia nitasema Jumapili. Jumapili nikasema acha hasira zipoe. Nililala chini ya kitanda cha Atieno siku tisa, nikimsikia akigeuka, naye hakunisema kwa neno baya hata moja. Alinisalimia, akala, akaenda kazini. Siku ya tisa nilimfuata Kochi nikamwambia yote. Hakupiga kelele. Alipiga simu shuleni palepale mbele yangu, akasikiliza, akakata. Nafasi ilikuwa imeshapewa mtu mwingine siku moja kabla. Akaniomba nirudishe fulana ya mistari.

Jioni nilimkuta Atieno akipiga pasi. Nikamwambia. Nikamwambia nilikuwa namwonea wivu tangu apewe kile kiti cha mapokezi, kwamba mkono wake haukugusa utepe, kwamba nilijua. Hakuacha kupiga pasi.

"Nilijua, Wakesho," akasema. "Nilijua tangu kitambaa cha pili. Nilikuwa nangoja tu uniambie kabla hawajampa mtu mwingine."

Aliniita jina langu, na dada hakuniita tena. Alimaliza kola, akaninyooshea pasi ikiwa bado moto kwa kuwa zamu iliyofuata ilikuwa yangu. Mkataba wake ulipokwisha akarudi kwao. Maji yakimwagika hayazoleki, na mimi niliyatazama yakimwagika siku tisa.

Sasa usidhani nakusimulia habari za mimi wa zamani, msichana mjinga aliyekwisha kufa. Mwezi uliopita meneja aliniita, kwa kuwa mimi ndiye mkongwe wa jengo, akanipa karatasi niandike ninavyowaona wewe na Salome, mmoja wenu awe msimamizi. Nikakaa chumba cha walinzi nikaandika. Niliandika kwamba Mwende alichelewa mara mbili mwezi wa Ramadhani. Ni kweli, ulichelewa. Na Salome alichelewa mara nne mwezi huohuo, mimi ndiye niliyemfungulia mlango, na hilo sikuliandika.

Unajua kwa nini? Una miaka ishirini na nane. Nimesimama kwenye milango ya mji huu tangu wewe uko shule ya msingi, na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza kama mimi nautaka usimamizi. Salome hanitishi, ni mvivu, ningeendelea kuwa mkubwa mbele yake. Wewe ni hodari. Niliisoma ile karatasi mara mbili nikakiona kile kitambaa cha njano, nikaichana. Nikaomba nyingine, nikaandika kuchelewa kwenu wote wawili na uzuri wenu wote wawili, nikaipeleka mbio kabla moyo haujageuka. Umepata cheo kwa karatasi ya pili, Mwende. Nimefurahi, na bado kunaniuma kidogo. Yote mawili ni kweli.

Basi nasaha yangu ni hii, ishike. Kabla hujamwandikia mtu kosa, mtaje moyoni mwako yule unayemwonea wivu. Yupo, usinidanganye. Kama anayeandikwa ndiye huyo, mwombe msimamizi mwenzako amtazame kwa niaba yako, haitakupunguzia kitu. Kosa utakalomwandikia usiyempenda, mwandikie na unayekula naye sahani moja, au wasamehe wote wawili. Usijifiche nyuma ya neno kwamba hata wakubwa hukosea. Wao watajibu yao. Na ukigundua umemdhulumu mtu, kaseme siku hiyohiyo, uso ukiwa bado unawaka, wakati mlango wake bado haujafungwa. Toba ya siku ya tisa ilinisaidia mimi tu kulala, yeye haikumpa chochote.

Nenda kavae, basi litafika sasa hivi. Mungu akupe macho yanayowaona wote kwa kipimo kimoja, akupe kalamu nzito kwa mabaya na nyepesi kwa mema. Akukuze mpaka wasichana hawa waone fahari kusema waliwahi kuwa chini yako. Na akulinde na wivu wa kila unayemsimamia, mwanangu, akianza na wangu.