Kumgeuza Mama

Fundi cherehani hakuwa na shida ya kuamka. Kuamka alikwishazoea tangu mama yake apooze: kila usiku alimgeuza ubavu wa pili, maana muuguzi alionya kwamba akilalia upande mmoja mpaka asubuhi atatoka vidonda. Shida ilikuwa kurudi kulala. Akishaweka mto katikati ya magoti ya mama na kunyoosha shuka, usingizi ulikuwa umeshampaa.

Ushauri haukukosekana, wanaokoroma ndio mabingwa wa kushauri. Kaka yake alimwambia kwenye simu, "Kunywa maziwa ya moto, dada, utalala fofofo."

"Njoo umgeuze wewe, mimi niyanywe hayo maziwa," alimjibu. Kaka akacheka, akasema kazi zimembana. Zilimbana tangu mwaka jana.

Kilichomkosesha usingizi hasa ni neno moja. Kiharusi kilimwachia mama maneno machache, na kila akigeuzwa alisema, "Samahani, mwanangu." Basi fundi alijilaza kitanda cha pili akitazama dari, samahani ikimzunguka kichwani. Mchana alisinzia kwenye cherehani. Juzi alishona mkono wa gauni nje ndani, na mwenye duka akamwambia akirudia tena atafute pa kwenda. Wangekula nini, yeye na mgonjwa wake?

Usiku huo aliamka kama kawaida, akapitisha mikono chini ya mama, akamgeuza. Hakusikia neno. Mwili ulikuja mzito, wa baridi, na kichwa kikaangukia upande. Akasogeza shavu puani pake. Hakukuwa na pumzi.

Alipaswa kupiga yowe, agonge kwa jirani, ampigie kaka. Badala yake alimfumba mama macho, akamfunika vizuri, akarudi kitandani. Alijiambia atajinyoosha kidogo tu, apate nguvu za kuwaambia watu. Usingizi ukamchukua hapo hapo, mpaka jua likamwamsha.

Nyumba ilipojaa waombolezaji, jirani alimkumbatia. "Pole sana, dada. Najua hujapata hata lepe la usingizi."

Hapo ndipo fundi alipoangua kilio, kwa aibu zaidi kuliko kwa msiba. Tangu mama apooze hakuwahi kulala vizuri kama usiku ule, na hakuwa na mtu wa kumwambia.