Jani la Dada Ndeanasia na Safari Yangu ya Mombasa

Nakumbuka Alhamisi moja, mwanangu, nimeinama uani kwangu Mbokomu, mlimani Kilimanjaro, napiga pasi sketi ya kwaya, pasi ya mkaa, naogopa cheche zisije zikaitoboa. Kesho yake alfajiri kwaya yetu ya akina mama ilikuwa inakwenda Mombasa. Ilikuwa miaka ile sabuni na sukari zilipoanza kurudi madukani, na pale mpakani Taveta watu wakawa wanapita bila kujificha sana. Nilikuwa na miaka thelathini na kitu, watoto wanne, na bahari sijawahi kuiona.

Akaingia mjomba wangu, Mzee Ndesario, ameshika jani la sale lililofungwa fundo. Wewe uliyekulia mjini labda unaliona sale ni mmea wa mpaka wa shamba tu. Kwetu mtu aliyekukosea akikutumia jani hilo kwa mkono wa mzee, anakuomba msamaha. Unaacha unachofanya, unamwendea. Hukai nalo.

Jani lilitoka kwa dada yangu Ndeanasia. Tumbo moja, yeye wa kwanza, mimi wa tatu. Aliolewa ng'ambo ya mfereji, mtu akikohoa kwangu anasikika kwake. Na tulikuwa hatusemeshani mwaka wa pili, kwa jambo ambalo naona haya hata kuliandika: kwenye ubatizo wa mwanangu Eliapenda alionja mtori wangu wa ndizi mbele ya akina mama, akasema unanuka moshi. Basi, hilo tu. Na kweli ulikuwa unanuka moshi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Dada yako kanituma. Acha hiyo pasi twende."

"Nikirudi Jumatatu, mjomba. Hata mzigo sijafunga."

"Ni hapo ng'ambo tu, Aisia. Kifua kinambana, ingekuwa si hivyo angekuja mwenyewe."

"Siku ya mtori kifua kilikuwa kizima, na sauti ilitoka vizuri."

Mzee hakucheka. Aliliweka jani juu ya kigoda akaondoka, hata maji hakunywa.

Muda nilikuwa nao, mwanangu, nisikudanganye. Nilitaka asikie basi linaondoka. Nilitaka ajue nimekwenda Mombasa na yeye hajafika hata Same, akae siku nne akiningoja.

Tulifika Ijumaa jioni tumevaa masweta, watu wa mlimani tusiojua joto. Jumamosi asubuhi wenyeji wetu wakatutafutia mzee mmoja wa Mji wa Kale, Mzee Abdala, atutembeze. Alitutazama akasema, "Akina mama, hayo masweta mwayavalia nini? Mwaogopa bahari itawatia baridi?" Tukacheka. Alitupitisha vichochoro vyembamba, akatuonyesha milango ya nakshi, kila ua limechongwa kwa mkono, na baraza za mawe ambapo watu hukaa kuzungumza. Tulipoiona bahari, Eliaika, rafiki yangu wa sauti ya pili, akasimama mikono kiunoni. "Maji yote haya," akasema, "na sisi kule tunatukanana kwa zamu ya mfereji."

Kisha tukaingia kwenye ngome waliyojenga Wareno. Tuliona mizinga, tukaona kuta nene kama chumba kizima. Mahali fulani palikuwa na mifupa ya mtu wa zamani, imelazwa kama ilivyokutwa ardhini, watu wanapita wanatazama. Eliaika alifumba macho. Mimi nikasema, kwa sauti, "Huyu hakuwa na dada wa kumlilia." Wakacheka tena, na mimi nikacheka.

Watu husema moyo hujua. Wangu haukujua kitu. Nilikula wali wa nazi nikaongezewa. Jumapili tuliimba, wakatupigia vigelegele. Nilinunua makombe ya baharini: la mama mkwe wangu Manka, la Eliapenda, la jirani Ndelilio, la mke wa mchungaji, hata la mtoto wa Eliaika aliyekuwa bado tumboni. Jina la Ndeanasia halikunijia.

Jumatatu tulipofika Kiboriloni, karibu na kwetu, basi lilisimama sokoni. Ndekirwa, muuza mitumba tuliyemzoea, alikuwa kando ya barabara. Tukamtania dirishani, "Ndekirwa, leta gauni, tumekuletea samaki." Alisogea ananitazama mimi tu.

"Aisia, shuka hapa. Wanakungoja kwa dada yako tangu juzi."

Alifariki Jumamosi asubuhi. Saa ile nilikuwa ngomeni.

Alizikwa Jumanne kihambani kwake, shamba la nyumbani, kati ya migomba. Kwetu kabla marehemu hajashushwa, wazee huuliza kama kuna neno lililobaki kati yake na mtu. Mzee Ndesario akasimama, ukoo mzima unasikia.

"Nilipeleka jani la marehemu kwa Aisia. Aisia, ulilipokea au ulilikataa?"

"Nilisema nikirudi, mjomba."

"Kuna kupokea na kuna kukataa. Hilo la nikirudi silijui. Jioni ile alitaka kujua umesema nini. Nikamwambia umekataa. Ningemdanganyaje mgonjwa?"

Nikauliza alisema nini.

"Aligeukia ukutani."

Binti wa marehemu, Aikande, wa miaka kumi na miwili, alikuwa amesimama karibu yangu. Nilimwona anahama, anakwenda kusimama upande wa pili wa kaburi. Leo ni mama wa watu, anashona nguo Majengo, mjini Moshi. Nilimpelekea sale, akalipokea, maana mila haimruhusu kulikataa. Akija Krismasi ananipa shikamoo yangu mlangoni. Hajawahi kuingia ndani, wala kula chakula changu. Simlaumu.

Mwanangu, nenda Mombasa. Nenda Tanga, nenda Unguja, kaone milango na ngome, vitu hivyo ni vizuri na mimi nilivifurahia. Lakini mtu akikuomba msamaha, mwendee kabla hujafunga mzigo, hata kama basi litakuacha. Usimfanye angoje ili aumie kidogo, kwa sababu hujui ana siku ngapi za kungoja. Na usinisubiri nikuambie kwamba baada ya miaka uchungu hupoa. Wangu haujapoa, nalala nao na kuamka nao.

Ruwa, Mungu wetu, akulinde njiani, akupe ndugu wa kugombana nao na siku za kutosha za kupatana nao. Ukirudi, umkute kila mtu.