Jogoo wa Koti

Muuguzi wa zahanati ya Mkiwa alikuwa anakwenda Uingereza kufanya kazi, na nauli yake yote ilikuwa bandani ikidonoa mtama. Kila kuku alifungwa uzi mguuni: mweupe wa pasipoti, mwekundu wa tiketi, buluu wa koti la baridi. Abiria wa mabasi aliowauzia kuku barabarani wakimlalia bei, alijibu kwa sauti ile ile kavu ya kuitia wagonjwa, "Huyo ni tiketi, hapungui." Jirani yake Damari alicheka mwanzoni; siku hizi alimsaidia kufunga nyuzi.

Jumapili moja baba yake mdogo akaja kutoka Issuna kumkataza asiende. Muuguzi akapiga magoti, "Shikamoo, baba," akamsikiliza mpaka mwisho, vidole vyake vikikunja na kukunjua pindo la khanga. Mgeni kama huyo halishwi mlenda mtupu. Akatoka na kisu, akarudi na jogoo mkubwa.

"Si wa koti huyo?" Damari, aliyekuwa uani, akanong'ona.

"Ndiye." Akamkanyaga mabawa. "Baba ale ashibe. Baridi nitaizoea huko huko."