Saa Saba Tu

Niliacha shule darasa la tano, lakini atlasi niliondoka nayo na sijairudisha. Nimehama nayo Mbeya, Tabora, Mwanza, kila nilikopata kibarua, nikipima miji kwa rula. Kutoka Mwanza mpaka Songea mstari ni mfupi kuliko kidole changu. Kwa basi unakula siku mbili. Ndege nayo hainyooshi: kwanza inakutupa Dar es Salaam, pembeni kabisa mwa ramani, halafu upande ndege nyingine ikurudishe kusini. Pembe hiyo imeniudhi miaka mingi.

Mama alipofariki, mdogo wetu wa kike alikuwa Mwanza. Mazishi yalipangwa saa sita mchana, nyumbani Maposeni, nje ya Songea. Siku hiyo asubuhi kaka yangu, mwalimu mstaafu, alisimama mbele ya wazee akiwa na simu. Mdogo wetu alikuwa ametuma ujumbe saa kumi alfajiri, akitoka kwake: "Mwanza Dar Songea saa saba tu. Nisubirini." Tangu hapo simu yake haikupatikana.

"Anafika saa saba," kaka akatangaza. "Atakuta tumeshazika."

Baba mkubwa akatazama mawingu. "Basi hata hiyo sita tusiingoje. Mvua inakuja. Fungeni jeneza, twende kanisani."

"Kaka, soma tena," nikasema. "Hiyo 'tu' ni ya nini? Nani anafika saa saba tu? Anasema masaa saba, safari yote."

"Hakuna neno masaa. Wingi wa saa ni saa."

"Ndiyo maana hakuliandika! Ulimchapa kwa neno hilo tangu mdogo. Katoka saa kumi. Weka masaa saba. Ni saa tano."

Shangazi akacheka kwa uchungu. "Leo darasa la tano linamfundisha mwalimu! Hiyo ndege umewahi kuipanda, wewe?"

"Sijaipanda, shangazi. Nimepakia mizigo yake uwanja wa Mwanza mwaka mzima. Ya Dar inaruka asubuhi na mapema."

"Fungeni," baba mkubwa akarudia.

Fundi akatoa bisibisi. Nikapiga magoti, nikalaza mkono wangu juu ya ukingo wa jeneza, pale mfuniko unapokalia.

"Shikamoo, baba mkubwa. Nakuheshimu. Lakini mkifunga, fungeni na mkono huu."

"Unatuaibisha mbele ya watu!"

"Naaibisha. Baba alizikwa nikiwa Tabora, mkanionyesha udongo. Huyu hamtamwonyesha udongo."

Kaka akanivuta bega. Sikutoka. Katekista akaanzisha rozari, nadhani ili watu wasipigane, na nikaijibu hapohapo, magoti yakiwaka moto. Mvua ikaanza, ikapiga bati, ikakatika. Saa tano ikapita. Nakiri hapo nilianza kuogopa, maana nilikuwa nimesahau kuhesabu barabara ya kutoka uwanja wa ndege. Kaka akanionyesha saa yake. Nikaitazama, nikaendelea kujibu rozari.

Ilikuwa inakaribia saa tano na nusu pikipiki iliposimama uani. Aliingia na viatu vyake vya mjini vimejaa tope, mkoba kifuani, akauliza mlangoni kabla ya kusalimia mtu yeyote:

"Mmefunga?"

"Bado," nikasema, nikaondoa mkono.

Alimtazama mama muda aliotaka mwenyewe. Baba mkubwa alikohoa mara mbili, na hakuna aliyemharakisha. Alipomaliza kumfuta mama paji la uso kwa kanga yake, nilimgeukia fundi.

"Sasa funga."