Ruzizi ya Mama

Mvua ilipokatika, harufu ya mikaratusi iliyolowa iliingia dirishani mwa teksi, ikanirudisha utotoni. Mtaa wetu nyuma ya kitongoji cha Mount Druitt, huku ughaibuni tulikokimbilia, haukuwa na kibao wala jina, nyumba chache tu kando ya mfereji wa zege. Siku tuliyohamia, mama alivua viatu akaingia majini.

"Hii ni Ruzizi," akasema, akiutaja mto wa kwetu Kongo.

Nikamjibu kwa Kiingereza kwamba ni mfereji tu.

"Ile tulivuka tukikimbia," akasema. "Hii tutavuka tukienda dukani."

Sasa nyumba zimekuwa maghala. Simu ya dereva, kijana wa Kikongo aliyezaliwa hapahapa, haikuijua njia.

"Pinda pale Ruzizi," nikajikuta nimesema.

Akapinda kando ya mfereji bila kuuliza Ruzizi ni wapi.