Nilitoa Ushuhuda Kabla Mtoto Hajatembea

Mwanangu alikuwa na mwaka mmoja na nusu na hata kusimama hasimami. Ukimshika makwapani, magoti yanaenda huku na huku, analia, unamkalisha tena. Tulikaa Kayole, chumba kimoja cha chini, na ploti ya jirani ilikuwa imejengwa karibu sana hivi kwamba saa sita mchana tuliwasha taa.

Nilitaka kumpeleka kliniki. Baba yake, aliyekuwa kibarua viwandani, alisema nimpeleke tu. Aliyenizuia ni jirani wa ghorofa ya juu, mama aliyeongoza ushirika wetu wa maombi kila Jumatano. Nilimpenda huyo mama. Nilipojifungua ndiye aliyenipikia uji. Kwa hivyo aliposema nisikimbilie madaktari, nilimsikiliza.

"Dada, Mungu amekuahidi au hajakuahidi?"

"Ameahidi."

"Sasa mbona unataka kumsaidia kazi?"

Wanawake wote wakacheka, nami nikacheka.

Ndipo akanifundisha kitu walichokiita kushuhudia kwa imani. Husemi Mungu atafanya. Unasema amefanya, halafu unangoja hadi macho yaone kile mdomo ulishasema. Kuna dada alikuwa ameshukuru kwa kazi kabla ya kuandikwa, na mwingine kwa mume ambaye hajamwona. Jumapili hiyo nikasimama mbele ya kanisa.

"Bwana asifiwe! Mwanangu anatembea!"

Vigelegele, makofi, kina mama wakaja kunikumbatia. Mtoto mwenyewe alikuwa mgongoni mwangu, amelala. Hakuna aliyesema ashushwe chini.

Kuanzia siku hiyo nilikuwa nimejifunga. Ningemtoa nje vipi? Nusu ya ploti ilikuwa washirika wetu. Nikimkalisha mlangoni, mtu anapita: "Haya, si huyu ndiye anatembea? Mwachilie tumwone!" Nikapanda ghorofani kumuuliza kiongozi nifanye nini.

"Mweke ndani, mama. Wakati wake ukifika utamtoa. Adui ana macho."

Nikamweka ndani. Miezi. Pazia limeshushwa, taa inawaka, mimi nimepiga magoti kando ya kitanda. Nilifunga kula hadi maziwa yakapungua. Miguu yake ikaanza kupinda kwenda nje, nikawa namvalisha suruali ndefu. Kidato cha nne nilimaliza, mfupa niliuchora kwa mtihani wa biolojia, na bado nikakaa pale nangoja, kwa sababu kungoja ndiko niliambiwa ni imani.

Asubuhi moja nikimwosha, alilia nilipogusa kifundo cha mkono. Si mguu, mkono. Kilikuwa kimevimba. Nikamfunga mgongoni, nikajitanda leso hadi kwenye nyusi, nikaenda kliniki ya mbali, upande wa Donholm, ili asinione mtu.

Kumbe na mwenzangu alikuwa ameichagua kwa sababu hiyo hiyo. Alikuwa pale kwenye benchi, kiongozi wetu, amempakata mtoto wake mdogo. Aliponiona aligeukia ukuta.

"Bwana asifiwe, dada," nikasema kwa sauti, benchi lote lisikie.

"Amina." Alijibu chini chini. "Kumbe hata wewe uko hapa?"

"Hata mimi? Wewe je?"

"Huyu amekohoa sana, mama. Sasa ningefanya aje?"

"Ungengoja."

Mwanamke aliyekuwa katikati yetu akacheka. "Leo wapendwa wamekutana!"

Kiongozi wangu akaniangalia kama mtu anayemwelewesha mtoto. "Yako ni ahadi," akasema. "Hii yangu ni kifua tu." Kisha akaongeza, "Tafadhali, usiwaambie wale wengine."

Nikaitwa ndani.

Daktari alimgeuza mtoto, akamgusa mbavu. "Huyu hutolewa juani?"

Nikavuta suruali yake ifunike magoti.

"Mama, nakuuliza. Hutoka nje?"

Ilikuwa matege. Mifupa ilikuwa imelainika kwa kukosa jua na lishe. Jua, ambalo Mungu mwenyewe huliwasha bure kila siku juu ya Kayole, nami nilikuwa nimemfungia mtoto ndani nikisubiri muujiza. Daktari akanipa dawa ya matone, akasema itachukua miezi, niwe na subira. Subira! Karibu nimtupie kiatu.

Kiongozi sikumlaumu kwa kumpeleka mtoto wake kliniki. Angempeleka hata mara kumi. Lakini yeye alikuwa na imani mbili, moja ya mtoto wake na moja ya wangu.

Kwa Mungu nilinuna wiki nyingi. Halafu nikafungua Biblia kwa hasira, nitafute ni wapi alisema nidanganye kwa niaba yake. Wanaongoja niliwakuta tele, wengine hadi mvi. Sikumkuta hata mmoja aliyeambiwa aseme mvua imenyesha na ardhi bado ni kavu.

Nikawa nampandisha mtoto juu ya paa kila asubuhi, pale tulipoanika nguo. Namvua, namkalisha kwenye beseni.

"Si huyu alishatembea?" wakaniuliza washirika waliokuja kuanika.

"Hajatembea. Muulizeni aliyenifundisha kusema hivyo."

Siku moja kiongozi akapanda na ndoo yake ya nguo. "Dada, umetuacha. Umechoka kungoja?"

"Nangoja. Kwani hapa unaona nafanya nini?"

"Basi tukuombee."

"Niombee ukiwa kwako."

Akaanika nguo zake. Kama alilia sijui, sikumtazama.

Mtoto alikuwa anakaribia miaka miwili na nusu aliposhika ukingo wa tangi la maji pale paani, akajivuta, akasimama. Magoti bado yalikuwa yameachana. Akaketi kwa kishindo, akaniangalia, akashika tena. Upande wa pili wanawake wawili walikuwa wakikamua shuka. Sikuwaita.

"Asante," nikamwambia Mungu. "Lakini hao watu wako bado sijawasamehe."

Mtoto akaanguka mara ya pili. Nilitaka kumkimbilia. Nikajizuia, nikamwacha ainuke mwenyewe.