Redio ya Nyumba Nzima

Kuna siku, mwanangu, nikiikumbuka bado inanichoma. Nilikuwa kijana hapa Kosele, nimemaliza shule, najiona bingwa wa muziki. Redio ya baba ilikuwa na vidude viwili vya kuzungusha: cha besi, ile sauti nzito, na cha trebo, ile nyembamba. Mimi nilitaka besi itikise bati. Lakini kila nikirudi, namkuta bibi yangu, tuliyemwita Dani, ameishusha na kupandisha trebo. Siku moja nikapandisha besi mpaka mwisho, trebo nikaizima, nikang'oa vidude vyote viwili nikatia mfukoni. Kisha nikaenda Migori kwa mjomba, juma zima.

Masikio ya Dani yalikuwa yamezeeka. Mchana, wengine wakiwa shambani, alisogea redioni kusikiliza matangazo ya vifo kama kawaida yake, akasikia ngurumo tu. Simu hazikuwapo, msiba ulitangazwa redioni. Dada yake wa Karungu akatangazwa, akazikwa, na Dani yuko nyumbani anapepeta mtama.

Niliporudi hakunigombeza. "Nyakwara," aliniita, yaani mjukuu wangu, "umeniziba masikio ili wewe ucheze. Dada yangu amezikwa na mimi sikumtupia hata udongo."

Majuto ni mjukuu, mwanangu, na mjukuu huyo ninaye mpaka leo.

Sasa juzi mwana wa binti yangu, anayekaa Kendu Bay, ameniletea redio mpya inayong'aa. Nikamuuliza pa kupunguza besi ni wapi.

"Hii haina, Kwaro," akanijibu, yaani babu. "Hii ni original. Inatoa sauti vile walirekodi studio. Ukiguza-guza unaharibu."

Naharibu! Huyo wa studio amewahi kukaa sebuleni kwangu? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hata chumvi tunaiweka mezani kila mtu aongeze yake, na mpishi hanuni! Hasira zilinipanda, nikamwambia airudishe dukani siku hiyohiyo.

Kwa hiyo nisikilize. Ukinunua redio ya nyumba, usipime kwa masikio yako peke yako. Dai vidude vya besi na trebo, na akija muuzaji kukuambia wataalamu hawavitaki, mwambie wataalamu hawazeeki nyumbani kwako. Na mzee akizungusha, mwache azungushe.

Mungu akupe miaka mingi, mwanangu, na siku jina la mtu wako litakapotajwa, akujalie ulisikie.